Matukio ya TEHAMA kwa wanafunzi: kuna aliyepata kazi kweli, au ni fulana tu?

#1 Chumvi ya Kawe
Wakuu habari za jioni. Niko mwaka wa tatu, sayansi ya kompyuta, chuo kimoja hapa Dar. Msimu ndio huo unaanza. Kwenye magrupu ya WhatsApp mabango yanapishana: DevFest, Hacktoberfest, mchujo wa ICPC, hakathoni ya benki (yale mashindano ya kujenga mfumo kwa siku chache), siku ya ajira chuoni, kongamano la TEHAMA. Kila bango lina neno FURSA kwa herufi kubwa, na chini nembo za wadhamini zimebanana kama abiria wa Mbagala.

Hoja yangu, na mnipinge kwa mifano, maneno ya kutia moyo kaeni nayo: haya matukio hayamwajiri mtu. Tunaenda, tunavishwa kamba ya shingoni, tunamsikiliza mtu wa rasilimali watu akisema kampuni yake inathamini vipaji, tunakula, tunarudi Sinza. Darasani kwetu wanaohudhuria kila kitu na wanaoshinda hosteli wamelala wote wanazunguka na barua za fildi wakirushwa vilevile. Aliyepata kazi kupitia huko aje aseme ni tukio gani na alifanya nini. Na mwenye ratiba ya miezi ijayo anisaidie: niende lipi, niache lipi?

#2 Ngoja Waje
Nimevuta kiti. Mimi huwa nafuata pilau, sina malalamiko.

#3 Mzee wa Terminali
Mleta uzi, umechanganya mambo manne yasiyofanana halafu unayahukumu kwa kosa moja.

ICPC siyo tukio la ajira hata kidogo. Ni mashindano ya vyuo ya kuandika programu: watu watatu, kompyuta moja, saa tano, na rundo la maswali. Ukituma jibu bovu kwenye swali ambalo baadaye utalipata, unaongezewa dakika 20 za adhabu. Hapo hakuna meza ya kampuni wala mtu wa kukuuliza unajiona wapi miaka mitano ijayo. Ukienda kutafuta kazi utarudi umenuna.

Hacktoberfest nayo ni kuchangia programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote, mwezi mzima wa Oktoba, unaweza kuifanya ukiwa Kawe na bando lako bila kumwona mtu. DevFest ni mikutano ya GDG, vile vikundi vya waandika programu vinavyoungwa mkono na Google, wasemaji na vikao vidogo, mara nyingi kati ya Oktoba na Desemba. Siku ya ajira ndiyo pekee kwenye orodha yako iliyoahidi ajira. Sasa wewe unadai mshahara kwa kila aliyekukaribisha.

Tofauti ninayoiona mimi: kuna matukio ya kukaa na kuna matukio ya kufanya. Kwenye ya kukaa, mtu wa kwanza na mtu wa mia mbili wanatoka sawa. Kwenye ya kufanya, watu wanakuona ukihangaika na tatizo, na hicho ndicho mtu anakikumbuka miezi sita baadaye nafasi ikitokea. Koneksheni ya kubadilishana namba haina thamani, kila mtu ana namba za watu wasiompokelea.

#4 Mpanga Viti
Nimepanga matukio ya wanafunzi kwa miaka kadhaa, nikupe siri ya jikoni. Tukiandika barua ya udhamini kwa kampuni, inaangukia meza ya masoko. Fungu ni la masoko, bango ni la masoko, anayekuja Jumamosi ni mtu wa masoko. Mwenye nafasi za kazi ni mkuu wa kitengo cha mifumo, na huyo hajui kama kampuni yake ilidhamini kitu. Mwanafunzi anampa CV mtu ambaye hana pa kuipeleka. Nimeshaziona CV zimeachwa kwenye meza baada ya ukumbi kufungwa, nimezikusanya mwenyewe pamoja na chupa za maji.

Kwa hiyo #3 nakupinga kidogo. Hata mtoto afanye maajabu jukwaani, kama aliyemwona ni mtu wa masoko, maajabu yanaishia kwenye ukurasa wao wa Instagram.

#5 Ngoja Waje
Mpanga Viti umetuua. Kwa hiyo CV yangu ya rangi mbili ilifungiwa sambusa?

#6 Mpanga Viti
Ya rangi mbili naikumbuka. Ulijiandikia "mtaalamu wa akili mnemba" na barua pepe ilikuwa imekosewa.

#7 Binti wa Makulu
Nyie wa Dar mnalalamika mmeshiba. Niko Dodoma, chuo cha informatiki pale UDOM. Tukio likitangazwa Kijitonyama au Posta, piga hesabu: treni ya SGR daraja la kawaida 31,000 kwenda, 31,000 kurudi, hiyo 62,000. Fedha ya chakula na malazi ya Bodi ya Mikopo ni 10,000 kwa siku. Yaani siku sita sili ili nikasikilize "tunathamini vipaji". Bado daladala, bado pa kulala kwa shangazi Tabata ambaye lazima umbebee kitu.

Swali la mleta uzi kwetu liko hatua moja nyuma. Hatujui kama yanaajiri kwa sababu hatufiki.

#8 Kifaru Mtulivu
Dada, usilie sana. MAKISATU, yale mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu yaliyoanza 2019, yamefanyika hapohapo kwenu Dodoma zaidi ya mara moja. Na eGA, Mamlaka ya Serikali Mtandao, wana kituo chao cha utafiti na ubunifu Dodoma kinachopokea wanafunzi. Watu wa Dar ndio tunaotamani hicho. Pale unakaa na watu wanaojenga mifumo inayotumika serikalini, hata kama unaanza kwa kupewa kazi ya kupima fomu.

#9 Binti wa Makulu
Kaka asante, hicho kituo ninakijua, nimeomba. Ila MAKISATU unaenda na ubunifu wako tayari umekamilika, unapambana na mzee wa Njombe aliyetengeneza mtambo wa umeme kwa vyuma chakavu. Anashinda yeye na anastahili. Mimi nataka tukio la kujifunza na kukutana na watu wa fani yangu, siyo la kusimama kwenye banda siku nzima nikisubiri mgeni rasmi apite.

#10 Afisa Daraja la Pili
Mnajadili kana kwamba Tanzania nzima inaajiriwa na kampuni za Masaki. Wengi wetu tuliosoma kompyuta tunaishia serikalini, na njia ni moja: Ajira Portal. Tangazo la Afisa TEHAMA Daraja la II likitoka unaomba, unaitwa usaili wa mchujo wa kuandika, ukipita unafanya wa vitendo, halafu wa mahojiano. Vyeti halisi mkononi. Tangazo lenyewe linakuambia hata hati za matokeo za kidato cha nne na sita hazikubaliki, sembuse cheti cha kushiriki hakathoni!

Kwenye usaili wangu wa vitendo tulipewa kanzidata ndogo tuandike maswali ya kutoa taarifa, na kusanidi mtandao wenye kompyuta chache. Jirani yangu alikuwa na beji za matukio yote ya Dar na hakuweza kuunganisha majedwali mawili. Nilimsikia akihema.

Kwa hiyo mleta uzi yuko sahihi, lakini kwa sababu tofauti na anazosema. Mwajiri mkubwa kuliko wote hahudhurii sherehe zenu.

#11 Mzee wa Terminali
#10 huyo jirani yako hakushindwa kwa sababu ya beji. Alishindwa kwa sababu hakuwahi kuandika swali la kanzidata. Wako pia wasiokuwa na beji wasioweza.

#12 Afisa Daraja la Pili
Sawa mzee, lakini muda ni uleule. Jumamosi aliyokaa ukumbini angeweza kukaa na majedwali.

#13 Omosh wa Juja
Habari zenu majirani. Huku Kenya mjadala ni huohuo, sisi tunaita attachment mnachoita fildi, na kuzungushwa ni kulekule. Tofauti labda ni kwamba tulipata mahali pa kukutania mapema. iHub ilifunguliwa Nairobi 2010 na kwa miaka mingi mtu alikuwa anaingia tu, anakaa na kompyuta yake, na jirani yake wa meza anageuka kuwa mshirika wa biashara. Hapakuwa na mgeni rasmi. Baadaye mambo yalibadilika, lakini kizazi cha wakati ule kilijuana vile.

Pia kampuni ya Africa's Talking walikuwa na hakathoni zao vyuoni, unaondoka umejua kutengeneza huduma ya USSD inayofanya kazi. Na Deep Learning Indaba, ule mkutano wa Afrika wa akili mnemba, ilianzia hapa Nairobi, Kenyatta University, ndiyo maana vijana wengi wa huku wameingia kwenye akili mnemba.

#14 Data za Mkwajuni
Omosh, hapo mwishoni nikurekebishe. Indaba ilianza 2017 Johannesburg, pale chuo kikuu cha Wits. 2018 ilikuwa Stellenbosch. Kenyatta University ni 2019. Tangu hapo imekwenda Tunis, Accra, Dakar, na 2025 ilikuwa Kigali.

Nakitaja kwa kirefu kidogo kwa sababu mleta uzi aliuliza lipi la kwenda. Indaba unaomba, hununui tiketi na kuingia tu. Unaandika unafanya nini na kwa nini unataka kuja, na wanaochaguliwa baadhi husaidiwa nauli na malazi. Kuna mabango ya utafiti: unasimama na karatasi yako ukutani, watu wanaopita ni watafiti wa kweli, wanakuuliza data umeitoa wapi, kwa nini sauti ya mtu yuleyule iko kwenye data ya kufundishia mfumo na kwenye ya majaribio. Nimemwona binti wa shahada ya kwanza akiulizwa maswali karibu saa nzima kuhusu utambuzi wa sauti ya Kiswahili. Alitoka amechoka, na ana barua pepe tatu za watu wanaotaka kuendelea kuzungumza naye. Hiyo ni tofauti na kamba ya shingoni.

Halafu kuna IndabaX, ile ndogo ya kila nchi, ikiwemo yetu. Anzia hapo.

#15 Omosh wa Juja
Nimesahihishwa, asante. Lakini 2019 tuliwapikia vizuri, hilo mkubali.

#16 Chumvi ya Kawe
#14 asante, hii ndiyo aina ya jibu niliyotaka. Ila akili mnemba siyo njia yangu, napenda mifumo ya nyuma, seva na kanzidata. Google Summer of Code, ile ya kulipwa ukifanya kazi kwenye mradi wa programu huria, vipi? Niliambiwa ukishamaliza chuo ndiyo basi tena, kwa hiyo nina mwaka mmoja tu umebaki.

#17 Kifaru Mtulivu
Ndiyo, ni ya wanafunzi tu. Wahi.

#18 Mzee wa Terminali
Hapana, hiyo ni habari ya zamani. Ilianza 2005 ikiwa ya wanafunzi, lakini tangu 2022 imefunguliwa kwa yeyote mwenye miaka 18 na kuendelea ambaye ni mgeni kwenye programu huria. Unaweza kuomba ukiwa umeshahitimu na unakaa kwenu unasubiri Ajira Portal.

Wengi wanakosea hapa: maombi ni Machi kuelekea Aprili, mtu anafungua kompyuta Machi. Orodha ya mashirika hutoka Februari. Wanaochukuliwa mara nyingi ni wale ambao tangu Novemba au Desemba wameshajitokeza kwenye mradi, wamerekebisha hitilafu mbili tatu, wamegombana na msimamizi kuhusu jina la kigezo, wamezoeleka. Likija andiko lako wanasema "aa, yule." Malipo yanategemea nchi uliyopo na ukubwa wa mradi, kuna wa saa 90, 175 na 350.

Na hapo ndipo Hacktoberfest ina maana. Isikushughulishe zawadi. Itumie Oktoba kuchagua mradi mmoja utakaokaa nao hadi Machi.

#19 Ngoja Waje
Zawadi isimshughulishe? Mimi niliingia kwa ajili ya fulana tu, na 2023 wakaziondoa wakaleta beji za mtandaoni. Beji utaivaa wapi?

#20 Mzee wa Terminali
Nyie wa fulana ndio mlioharibu. 2020 watu walikuwa wanaingia kwenye miradi ya wenzao, wanaongeza neno moja kwenye maelezo, wanatuma, wanahesabu moja. Yalitakiwa maombi manne tu ya mabadiliko! Wenye miradi wakafurika takataka hadi waandaaji, DigitalOcean, wakabadilisha sheria mwezi ukiwa na siku chache tu, mradi ukawa lazima ujiandikishe wenyewe kushiriki.

#21 Ngoja Waje
Siwezi kuthibitisha wala kukanusha.

#22 Mita ya Mtaroni
Mleta uzi alitaka mfano, nampa wangu. 2015 nilikuwa mwanafunzi, nikaingia Ramani Huria. Ule ulikuwa mradi wa kuchora ramani za kata za Dar zinazofurika, kwa OpenStreetMap, ile ramani huria ya dunia, na waliotembea mitaani wengi walikuwa wanafunzi wa Ardhi na UDSM pamoja na wakazi wenyewe. Nilidhani ni kazi ya muda ya kupata posho ya likizo.

Kazi yenyewe: asubuhi mnagawana vipande vya mtaa, mna karatasi zilizochapwa picha ya juu na simu yenye GPS. Mjumbe wa shina anatangulia. Unafika kwenye mtaro, unashusha fimbo iliyotiwa alama, unaandika kina, upana, umejengwa kwa zege au ni udongo, umeziba au maji yanapita. Unamuuliza mama aliyekaa kibarazani maji ya masika yalifika wapi, anakuonyesha mstari ukutani, nawe unaupima. Jioni mnaingiza kwenye kompyuta, mnajikuta mnabishana kama njia fulani ni uchochoro au ni uwanja wa mtu.

Kule nilijifunza kanzidata za ramani kuliko darasani, kwa sababu data ilikuwa chafu na ilikuwa ni sisi tulioichafua. Agosti 2018 FOSS4G, mkutano wa kimataifa wa programu huria za ramani, ulipokuja Dar, pale kituo cha Julius Nyerere, mara ya kwanza Afrika, nilikuwa najitolea mlangoni. Mtu niliyemwelekeza chumba cha warsha ndiye aliyenipa kazi ya kwanza. Aliniuliza nafanya nini zaidi ya kuelekeza vyumba, nikafungua ramani ya kata niliyochora nikaanza kumwonyesha mitaro.

#23 Data za Mkwajuni
Simulizi safi. Ila FOSS4G ilishafika Afrika kabla, Cape Town 2008. Dar ilikuwa ya pili.

#24 Mita ya Mtaroni
Nimekubali. Ya kwanza Afrika Mashariki basi, msininyang'anye yote.

#25 Mpanga Viti
Mnaona? Alikuwa mlangoni. Kila mwaka natafuta watu wa kujitolea na kila mwaka wanafunzi wananiuliza kuna shilingi ngapi. Anayepanga viti anajua majina ya wasemaji wote kabla ya saa tatu asubuhi.

#26 Afisa Daraja la Pili
Huyo wa #22 alikuwa na miaka mitatu ya data kichwani kabla hajasimama mlangoni. Wewe unamsifia mlango.

#27 Mama Sifuri
Kuna jambo wanaume humu mmelipita. Hakathoni nyingi ni za kulala hukohuko, usiku kucha. Mimi nilipokuwa chuo, geti la hosteli lilifungwa, na kumweleza baba yangu wa Tanga kwamba nalala ukumbini na vijana kwa ajili ya "programu" ilikuwa kesi nyingine kabisa. Kwenye timu tukienda mchana, mkigawana kazi, binti anapewa kutengeneza slaidi na kuongea jukwaani "kwa sababu unaongea vizuri". Mwisho wa siku mwajiri akija kuuliza nani aliandika mfumo, wote wanamtazama kaka.

Kwa hiyo hesabu ya "matukio ya kufanya" ya #3 haimfikii kila mtu sawa. Wadogo zangu wa kike, angalieni Outreachy. Ni mafunzo kazini kwenye miradi ya programu huria, unafanya ukiwa mbali, miezi mitatu, inalipa dola 7,000, inalenga waliobaguliwa au wachache kwenye fani. Kuna kipindi cha kuchangia mradi kabla ya kuchaguliwa, na kazi yako inaonekana kwa jina lako, hakuna wa kukugeuza mtu wa slaidi. Wanakagua pia ratiba yako ya masomo kabla ya kukukubali, kwa hiyo soma masharti mapema.

#28 Binti wa Makulu
Dada, la slaidi limenichoma. Nimekuandikia inbox.

#29 Mwajiri wa Ghorofa ya Pili
Nina kampuni ndogo, watu tisa, tunatengeneza mifumo ya malipo. Nimeajiri kutoka kwenye matukio na nimeajiri kutoka nje ya matukio, nikiri sioni sheria.

Ninachofanya nikikutana na mwanafunzi: namwomba anifungulie GitHub yake, pale anapohifadhi msimbo na historia ya mabadiliko yake, hapo hapo kwenye simu. Wengi wana mradi mkubwa wenye badiliko moja tu kwenye historia, faili mia mbili zimepandishwa usiku mmoja, maelezo "mwisho". Namuuliza kwa nini jedwali la malipo halina alama ya kipekee ya muamala, yaani simu ya mteja ikikatika katikati na akabonyeza tena tutamkata mara ngapi? Kimya. Mwingine ana mradi wa hovyo wa kuhesabu michango ya kikoba cha mama yake, lakini una historia ya miezi minane, anavunja, anarekebisha, mpaka mama kagoma kutumia toleo jipya. Huyo nakaa naye.

Mpanga Viti kasema kweli kuhusu masoko. Lakini sisi kampuni ndogo hatuna idara ya masoko, tukija tunakuja wenyewe. Tatizo wanafunzi wanatupita wanakimbilia banda la kampuni ya simu kwa sababu wana puto na spika.

#30 Shoka Bila Mpini
Mmezunguka kote mnaogopa kusema. Ajira hazipo. Vyuo vinatoa wahitimu wa kompyuta kila Novemba, kampuni zinazojenga mifumo humu ndani ni chache, na nyingi zinazohitaji mifumo zinanunua iliyokwisha tengenezwa nje. Ukileta hakathoni au usilete, viti ni vilevile. Mnamfundisha kijana namna ya kukimbia vizuri kuelekea kwenye mlango uliofungwa, halafu akikwama mnamwambia GitHub yake ina badiliko moja.

#31 Mwajiri wa Ghorofa ya Pili
Mkuu, nafasi yangu ya mwisho ilikaa wazi miezi minne.

#32 Shoka Bila Mpini
Ulikuwa unalipa shilingi ngapi?

#33 Ngoja Waje
Mwajiri ametoka nje ya mtandao ghafla.

#34 Mwajiri wa Ghorofa ya Pili
Nipo. Nalipa ninachoweza. Siyo cha kampuni ya simu.

#35 Kijani cha Mbeya
Nami niongeze la machungu. Tulishinda hakathoni ya taasisi moja, siitaji. Tukapiga picha na hundi kubwa ya kadibodi. Fedha tukazungushwa mpaka tumehitimu, na mwaka uliofuata tukaona huduma inayofanana na wazo letu kwenye tangazo lao. Tangu hapo tukio lenye neno "changamoto ya ubunifu" sigusi.

#36 Mama Sifuri
Pole mdogo wangu. Soma fomu kabla ya kujisajili, kuna kipengele cha nani anamiliki kitakachotengenezwa na wengi wanakitiki bila kukisoma. Sheria yetu ya Hakimiliki ya 1999 inalinda programu uliyoiandika, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ndio wa kuwaendea. Wazo tupu hailindi. Walichochukua kama ni wazo, wakaliandika upya wenyewe, una kazi ngumu.

#37 Kijani cha Mbeya
Ndicho alichotuambia wakili. Kwa bei.

#38 Chumvi ya Kawe
Nimesoma yote. Kwa hiyo nina maelezo ya Mzee kwamba hatufanyi kitu, ya Mpanga Viti kwamba anayekuja siye, ya Binti kwamba hatufiki, ya Afisa kwamba mwajiri yuko kwingine, ya Mama Sifuri kwamba wengine wanafanyishwa slaidi, na Shoka anasema hakuna kitu. Mtu mmoja tu (#22) ametaja tukio na kazi, naye alianza na fimbo ya mtaroni miaka mitatu kabla. Msimamo wangu haujahama sana, siku ya ajira siendi. Kwa Hacktoberfest nimeshachagua mradi, nimeona hitilafu moja kwenye tafsiri ya tarehe ambayo ninaielewa.

ICPC ndiyo inanisumbua. Siyo kwa kazi, ninaitaka tu. Tuko wawili. Mmoja ni mzuri wa hesabu, mimi naandika haraka. Hatuna mtu wa grafu, yale maswali ya njia na mitandao. Mchujo unakuja na mwalimu anataka majina.

#39 Mzee wa Terminali
Sasa umesema kitu. Ingieni Codeforces, tovuti ya mashindano ya kuandika programu, kila wiki. Mashindano yao mengi huanza saa 11:35 jioni kwa saa za Moscow, na Moscow ina saa sawa na zetu, hamna haja ya kukesha. Fanyeni mkiwa watatu kwenye mashine moja, mmoja anaandika, mmoja anakagua karatasi, mmoja anafikiria swali linalofuata. Timu nyingi zinakufa kwa kugombea kibodi. Na mjue mapema, mtakutana na Wamisri kwenye kanda ya Afrika na Uarabuni. Fainali za dunia zilishafanyika kwao Luxor 2024, hawa watu hawatanii.

#40 Shoka Bila Mpini
Mtu wa grafu mnayemtafuta lazima awe wa chuo chenu, si ndiyo?

#41 Chumvi ya Kawe
Ndiyo mkuu, timu ni ya chuo kimoja. Kwa nini?

#42 Ngoja Waje
Wakuu, ehe. Tuko chuo kimoja na mleta uzi, nimemtambua kwa hilo la wale wanaoshinda hosteli wamelala, nadhani alinisema mimi. Dijkstra naijua, miti ya uzito mdogo naijua, mtiririko wa juu kabisa nakumbukakumbuka. Ila Jumamosi asubuhi nina kwaya.

#43 Chumvi ya Kawe
Wewe ni yule wa block C mwenye feni mbili?

#44 Ngoja Waje
Moja imekufa. Mazoezi yaanze saa nane mchana, na chakula kiwe juu yenu.